Kielelezo Namba Nne

Kimetolewa kwenye friza ya polisi wa baharini
ndani ya mfuko wa nailoni, na lebo, na tarehe:
mkia wa kambakoche jike, umeganda kama kabari,
na kwenye pezi la kulia, jirani na lile la kati,
pengo.

Pengo hilo ndilo kesi yote.

Huku Maine, mvuvi akimwopoa jike mwenye mayai,
meusi, yamebanana tumboni kama forosadi,
humkata alama ya pembetatu mkiani
na kumrudisha majini. Tangu siku hiyo,
hata asipokuwa na yai moja, hata bei ikipanda,
haliwi, hauzwi.
Wanasema sheria ni msumeno.
Hii ni kisu kidogo cha kukatia chambo.

Afisa Huckins alimkuta mmoja kwenye kreti ya Verlon Alley
asubuhi ya ukungu, kati ya mia mbili na kumi na sita.
Mmoja tu. Lakini kifungu hakijali idadi.

Basi nikafanya kazi yangu.
Mimi Odile Pelletier, wakili, binti wa mkata magogo,
nisiyeweza kuvua hata dagaa kwa ndoo,
nilisoma mikia majira yote ya baridi.
Nikajua kwamba chewa huuma. Kwamba mlango wa dema hubana.
Kwamba kila jike akijivua gamba alama hufifia,
huota vinywele, hupoteza pembe zake.
Nikamleta mtaalamu wa chuo kikuu, tai imemkaa upande,
akasema mbele ya hakimu: "Huenda ni kisu. Huenda ni jino."

Huenda!
Juu ya neno hilo nimejenga nyumba,
nimelipa karo za watoto wawili.

Mapumziko. Korido ya mahakama ya Machias
inanuka nta ya sakafu na makoti yaliyolowa.
Verlon ameketi, mikono katikati ya magoti,
vidole viwili havikunjiki tangu winchi ivisage.
Leseni ikifungwa miaka mitatu, boti inarudi benki,
boti yenye jina la bintiye na injini isiyomalizwa kulipiwa.
Nikamwambia: nusu tumeshashinda.

Akasema, "Kwenye ukungu sikuliona.
Nimeliona leo, kwa taa ya hakimu.
Limelala kushoto."

Sikuelewa.

"Bandari nzima hukata alama iliyosimama wima.
Baba alitumia mkono wa kushoto. Yake ilikuwa inainama,
kama mtu anayesikiliza mlangoni."

Harlan Alley alizikwa Aprili, miaka mitatu iliyopita,
udongo ukiwa bado mgumu, wakaukodia mashine.
Tangu hapo huyu jike amejivua gamba mara moja, labda mbili,
na kila mara akaubeba upya mwandiko wa marehemu,
akatambaa nao juu ya mawe, kwenye maji yasiyo na mchana,
hadi mlango wa dema la mwanawe.

Nikasema, huo si ushahidi.
"Najua. Ndiyo maana nakuambia wewe."
Akavaa kofia, akaivua tena, akakumbuka alipo.
"Ukirudi mle ndani, sema lolote.
Ila usiseme ni jino la samaki."

Na sasa nimesimama.
Hakimu amevua miwani, ananisubiri.
Nina kurasa arobaini mkononi, zote huenda,
nyingine nimezipigia mstari mara mbili.
Nyuma yangu kiti kinalia sakafuni:
mteja wangu ameinuka, na mimi sijamwita.

Juu ya meza, kielelezo namba nne kimeanza kuyeyuka.
Maji yake yanatambaa kuelekea hati ya mashtaka.
Karani anapapasa mifuko yake, anatafuta kitambaa.